Baba wa Ua Yumo Ndani ya Friji

Mke wangu aliacha kusema na mimi siku ya Jumatatu. Tangu hapo akawa anasema na friji.

"Friji," anasema, "mwambie fundi wako chai ipo mezani."

Nami nimesimama hapo hapo, nikinyoosha mkono namgusa kiwiko. Friji inanguruma kidogo, maana mota yake niliichomoa kwenye friji ya bucha iliyokufa, na tangu siku ile ina tabia ya kujibu. Naketi, nakunywa. Chai haina sukari. Sasa sukari nimwombe nani, friji?

Kisa chenyewe mtaa mzima unakijua, kwa hiyo sina cha kuficha. Mke wangu ana kitalu cha maua nyuma ya nyumba. Kabla ya kustaafu alikuwa mtunzaji kwenye bustani kubwa ya mimea, ile yenye geti la chuma na kibao cha jina chini ya kila mti. Watu wanamwita Bi Vyungu, kwa sababu hakuna pembe ya nyumba yetu unayoweza kukanyaga bila kwanza kuomba radhi chungu fulani. Na katika vyungu vyote hivyo kimoja kimebeba roho yake. Kina okidi ya majani manene kama ndimi za ng'ombe, ambayo aliizalisha mwenyewe. Alichukua chavua ya okidi ya njano iliyokuwa barazani kwa marehemu mama yake, imepandwa kwenye kopo la samli, akaipaka kwa kijiti cha meno kwenye ua la okidi nyeupe ya bustanini. Mkubwa wake wa kazi alimruhusu. Hiyo nyeupe, porini imebaki kidogo sana, na sheria inakataza mtu kuing'oa huko na kwenda kuifuga nyumbani. Tunda likaja, mbegu zake vumbi tupu, akaziotesha ndani ya chupa za jemu alizozichemsha mpaka jikoni kukawa na ukungu. Miche ikaota, ikafa, ukabaki mmoja. Ameulea miaka na miaka haujatoa hata ua la kuonjeshea. Mwaka huu ndiyo kwanza ukachomoza kikonyo chenye matumba, yamefumba kama ngumi za mtoto mchanga.

Mimi ni fundi friji mstaafu. Kuhusu maua najua mambo mawili: yanahitaji maji, na nisiyaguse.

Sasa, Jumamosi moja nilikuwa kwa kinyozi. Kwa kinyozi mtu hakai kimya, atasinzia. Mmoja akaniuliza, "Mzee, na lile jani la mkeo analolifunika kwa chandarua, limetoka wapi?" Ningeweza kusema limetoka kwenye chupa ya jemu. Lakini nani atacheka? Nikawaambia nililitoa msituni kwa mikono yangu hii, kwenye jabali ambalo hata mawingu yakifika yanazunguka kwa woga. Nikasema nilishuka nikining'inia kwenye mzizi, okidi nimeiuma kwa meno, nyani dume amenishika pindo la shati. Yeye anavuta kwake, mimi navuta kwangu, mpaka tukaelewana: yeye abaki na shati, mimi na okidi. Na nilipofika chini nikageuka nikamwona amelivaa, tena vifungo amefunga vyote.

Kinyozi alicheka hadi mashine ikamponyoka na kuchonga barabara ya lami kwenye kichwa cha mteja. Kila mtu mle ndani anajua mimi nikipanda stuli kubadilisha balbu napata kizunguzungu. Kila mtu, isipokuwa mmoja. Alikuwa kiti cha mwisho, kafunikwa povu usoni, huwezi kujua kama ni askofu au muuza mkaa. Hakucheka. Alisimama, akajifuta, akaondoka shavu moja bado lina povu.

Jumatatu asubuhi akagonga mlangoni. Mashavu yote safi. Alikuwa mkaguzi wa mimea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mke wako yupo? Nimekuja kuhusu nyani."

Bi Vyungu akatoka na ndoo. Mkaguzi hakuwa mtu wa makelele, hilo nalisema kwa haki. Alieleza taratibu, kofia mkononi, kwamba okidi nyeupe za msituni zinaibwa, kwamba wezi wa siku hizi wanakata hadi mti mzima ili wavune tawi moja, na kwamba yeye amesikia kwa masikio yake, kutoka kinywa cha mwenye nyumba. Akaiinamia okidi, akaipapasa jani kwa mgongo wa kidole, kama unavyompima mtoto homa.

"Jani ni lake," akasema. "La ile nyeupe kabisa."

"Ni la kuzalisha," mke wangu akasema. "Mama yake yupo bustanini, nenda kamwone. Baba yake alikuwa kwa mama yangu."

"Na mzee anasema jabalini."

Mke wangu akageuka akanitazama. Nimewahi kupigwa na umeme wa friji za viwandani, ule wa nyaya tatu. Ulikuwa mpole zaidi.

"Bwana mkaguzi," nikasema, "ile ilikuwa hadithi tu. Ukweli ni kwamba mimi hata..."

"Mzee wangu," akanikatiza kwa upole, "kwani nyani aliishia na shati la rangi gani?"

"La bluu," nikajibu kabla sijajizuia.

Basi. Akazungusha utepe wa njano kitalu kizima. Akasema okidi ikithibitika ni ya porini itachukuliwa, na kibali cha kitalu kitafutwa. Kumwagilia ruksa, kuhamisha marufuku. Na kwa kuwa haijachanua, na okidi bila ua ni kama watu waliovaa sare, ataileta maabara ikaisome.

Maabara ilikuja siku ile ile mchana, nayo ilikuwa dada mmoja mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja juu ya nywele. Nikampa jina la Miwani, na baadaye akalizoea. Alikata kipande cha jani kidogo kuliko ukucha, akakitia kwenye bahasha yenye vile vijiwe vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

"Hicho tu?" nikamuuliza.

"Kinatosha, baba. Kila mmea una vinasaba vyake, na kuna vipande vichache ambavyo tunavisoma kwa kila mmea, vipande vile vile kila mara. Vinatoka kama mstari mrefu wa herufi. Aina hii ina mpangilio wake, aina ile ina wake. Ni kama ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni. Unapitisha kwenye mashine, inalia pi, unajua hii ni sabuni gani."

"Kwa hiyo nikimpitisha mke wangu pale..."

"Mwanangu," Bi Vyungu akamwambia Miwani, "hapa kuna kelele inatoka wapi?"

Ndipo alipoingia ndani akaanza kusema na friji.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa. Kiti kikawa na miiba. Nilitembea sebuleni mpaka kapeti likapata njia, kama ile ng'ombe wanayoiacha wakienda mtoni. Nilifungua bomba la jikoni ambalo halikuwa linavuja, nikalifunga upya, likaanza kuvuja. Nilifungua redio nione sauti inatokea wapi. Nikikaa namwona mke wangu dirishani, amesimama nje ya utepe wake mwenyewe, shingo mbele, anayatazama matumba kwa mbali kama mtu anayechungulia wodini saa za kuona wagonjwa zikiwa zimekwisha. Nikisimama namwona vizuri zaidi. Naye hakulala wala hakulia. Alifua. Alifua mapazia, akafua vitambaa vya meza, akafua na magunia.

Kwa kinyozi sikwenda. Nywele zikaota mpaka masikioni.

Miwani akarudi mwenyewe, bila mkaguzi, jua likiwa kichwani. Nikajua si kuzuri: habari njema mtu anakupigia simu. Tukakaa jikoni, sisi watatu na friji.

"Vipande viwili vimesomeka safi," akasema. "Vinalingana na ile nyeupe ya porini, herufi kwa herufi."

Mke wangu akaweka kikombe chini.

"Mkaguzi ameshaona?"

"Ameshaona. Kwake yamekwisha. Lakini mama, mimi sijatulia." Akashusha miwani ya kichwani, akakuta macho yana mingine tayari, akairudisha. "Vile vipande viwili vinatoka kwenye chembe za kijani za jani. Na chembe za kijani, okidi anazipata kwa mama yake tu. Baba hatoi kitu pale. Kwa hiyo mashine imenijibu nani mama. Kuhusu baba haijasema ni nani, wala haijasema hayupo."

"Nilimwambia mama ni huyo," Bi Vyungu akasema polepole. "Sikukataa hata mara moja."

"Ndiyo. Sasa, nilisoma na kipande cha tatu. Hicho hutoka kwa wazazi wote wawili. Kilitoka kimevurugika. Sehemu fulani mahali pa herufi moja ziko mbili, moja juu ya nyingine, kama simu ambayo watu wawili wanaongea kwa mpigo. Wenzangu wanasema nilichafua sampuli. Inawezekana, nimewahi kuchafua. Au ni wazazi wawili kweli. Ili nijue lazima nipate mmoja kati ya vitu viwili. Ua lifunguke, wote tuone kama lina chochote cha njano. Au nimpate baba, nimsome peke yake, nione kama zile herufi za juu ni zake."

"Baba alioza mwaka jana na mvua," mke wangu akasema. "Nilimchoma moto mwenyewe, na kopo lake, kuoza kusihamie kwingine."

"Basi tuombee ua. Mkaguzi nimembembeleza. Atasubiri mpaka wiki ijayo iishe."

Hapo nilitazama friji. Mke wangu hakuitazama. Na ninyi inabidi mjue kwa nini.

Wenye okidi wana utaratibu wao. Ua la baba likichanua na la mama bado limefumba, hawamsubiri mtu. Wanatoa chavua, ambayo kwa okidi si unga, ni vidonge viwili vya njano vilivyoshikana, vidogo kama punje za ufuta. Wanavitia ndani ya kapsuli tupu, kapsuli kwenye chupa yenye kitu cha kukausha, chupa ndani ya friji. Inakaa humo imelala mpaka bibi harusi awe tayari. Okidi ya barazani kwa mama mkwe ilipochanua kwa mara ya mwisho, mke wangu alijaza kapsuli mbili, akazitia kwenye kichupa cha dawa kilichokwisha, na punje za mchele chini. Alikuwa anasubiri mtoto achanue, amrudishie damu ya baba yake. Alikuwa na hesabu zake kichwani kuhusu rangi itakayotoka. Akizieleza, mikono inachora hewani.

Kapsuli mbili. Balbu ya friji ilikuwa imeungua, kwangu mimi fundi friji, naomba msicheke. Usiku mmoja tumbo liliniuma, nikapapasa, nikapata kichupa, nikasoma kwa vidole, nikameza. Asubuhi nikamwambia mke wangu dawa ile ni kiboko, tumbo limekaa kimya kama limetishwa. Alifungua kichupa. Alikaa chini sakafuni. Kisha akacheka mpaka akatoa machozi, na mimi mpaka leo sijui ni machozi gani yalikuwa mengi. Ndiyo sababu naitwa Baba Maua. Mtaa mzima unasubiri nichipue.

Ikabaki moja. Na kitu chochote cha mama yake kilichokuwa bado hai duniani, kilikuwa ndani ya hiyo.

Kwa hiyo Miwani aliposema tuombee ua, nilijua Bi Vyungu anaombea kwa nguvu gani. Ua likifunguka linaokoa kitalu, tena linapokea chavua. Mambo yote mawili kwa mkupuo. Matumba yale yalikuwa matano. Hayakuwa na haraka yoyote duniani.

Mimi nilikuwa nayo.

Sasa hesabu yangu ilikuwa hivi, na bado naona ilikuwa na akili. Ndizi mbivu ukizifunga na mbichi kwenye mfuko mmoja, mbichi zinaiva. Hilo anajua kila mtu mwenye jiko. Kuna hewa fulani inatoka kwenye ile mbivu inayoiambia mbichi, dada, twende. Ikiwa ndizi inasikia, tumba litashindwaje? Mchana mmoja mke wangu alipokwenda kununua sabuni, maana ya nyumbani ilikwisha kwa kufua, nikapita chini ya utepe kwa magoti. Nikaweka kichane cha ndizi zilizoiva hadi madoa kuzunguka chungu, nikafunika na mfuko mkubwa wa nailoni, nikarudisha chandarua juu. Nikatoka kinyumenyume nikifuta alama za magoti kwa kofia. Usiku ule kwa mara ya kwanza nililala kama gogo.

Asubuhi nilisikia ukimya. Mnaijua ile sauti ya nyumba ambayo mtu amesimama mahali pamoja muda mrefu? Nikatoka. Mke wangu yuko ndani ya utepe, mfuko wa nailoni mkononi. Matumba yamegeuka rangi ya karatasi ya zamani, yamelala juu ya udongo kati ya ndizi zangu. Moja bado lilikuwa limeshikilia kikonyo, lile la nchani, dogo, la kijani, lisiloweza kufunguka kabla ya siku za mkaguzi kwisha. Manne chini.

Aliingia jikoni. Nikamfuata, nikabaki mlangoni.

"Friji," akasema, "muulize fundi wako ndizi zile ni za nani."

"Zangu," nikasema. "Nilitaka yaive haraka."

"Mwambie okidi hapendi hewa ya ndizi. Mwambie hata bustanini tulikatazwa kwenda na tunda mfukoni."

"Sikujua."

"Mwambie najua hakujua." Aliegemeza paji la uso kwenye mlango wa friji. "Mwambie ndiyo tabu yenyewe. Hajui, na hawezi kukaa."

  Nilishika fremu ya mlango, nikaanza kukaza skrubu ya bawaba kwa ukucha.

Yeye alifungua friji, akatoa kichupa. Akakishika mbele ya dirisha. Kapsuli ikagonga kioo, tik. Alikaa nacho namna ile mpaka friji ikaanza kulia mlango uko wazi. Halafu akachukua simu.

Miwani alifika na mkaguzi. Safari hii mkaguzi alivua viatu bila kuambiwa. Bi Vyungu akaweka kichupa mezani, akaeleza ni nini. Mkaguzi akakitazama, akanitazama mimi.

"Hii nayo haitoki jabalini?"

"Bwana mkaguzi," nikasema, "kuhusu hii sina hadithi. Ile ya kwanza niliimeza."

Alifikiri natania. Mke wangu akatikisa kichwa kumwonyesha kwamba ni kweli, na nikaona kitu kikipita usoni mwa yule bwana, kama mtu aliyebanwa na kicheko kazini.

"Lakini nitajuaje," akamuuliza Miwani, "kwamba hiki ndicho baba? Mtu anaweza kuniletea chavua ya ua lolote."

"Anaweza. Ila kwenye kile kipande kilichovurugika tayari nina herufi zote mbili-mbili. Nikiondoa za mama, zinabaki za mtu mwingine ambaye bado simjui. Huyu akiwa siye, zitakataa. Hapo hakuna wa kumpigia magoti."

"Na akiwa ndiye?"

"Basi umepata okidi aliyezaliwa kitaluni, na porini hakuna kilichopungua."

Miwani akasukuma kiti mbele, akamgeukia mke wangu. Sauti yake ilishuka. "Mama, lazima nikwambie. Nitaviponda. Havirudi. Vina mwaka mzima humo na ni vidogo. Nikichukua kimoja nikuachie kimoja, huenda kisinitoshe, na nikikosa siwezi kurudia. Nikichukua vyote viwili nina nafasi nzuri. Sikuahidi kitu. Nasema nafasi nzuri."

Jikoni kukawa kudogo. Mkaguzi alitazama soksi zake. Mimi nilifungua droo, nikafunga, nikafungua.

Nilijua anachopima. Upande mmoja kuna mche ulio hai, wenye tumba moja, na kazi yake yote ya maisha kwenye vyungu vile. Upande wa pili punje mbili za ufuta kutoka baraza la mama yake, ambazo kesho au keshokutwa zingeweza kupata bibi harusi na kumrudisha yule wa njano duniani. Kama si kichane cha ndizi, asingeambiwa achague.

"Droo," mke wangu akasema bila kugeuka, "tulia."

Nikaifunga.

Akafungua kichupa mwenyewe. Akamiminia kapsuli kwenye kiganja, akaipeleka puani kwanza. Chavua ile haina harufu, alishaniambia zamani. Alinusa hivyo hivyo.

"Chukua yote," akasema.

Siku zile za kusubiri sitazieleza. Niseme tu kwamba nilipaka rangi mlango wa mbele upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha tena wa kwanza, mpaka mlango ukanenepa ukakataa kufunga, ikabidi niupige randa. Mke wangu alimaliza vya kufua, akaanza kufua vilivyofuliwa. Tumba la nchani tulilitazama kila mmoja kwa wakati wake, kwa kupishana, kama zamu ya ulinzi. Niliacha kula ndizi. Nikipita karibu na muuza matunda nilibana pumzi.

Miwani alipokuja alikimbia kutoka getini, miwani ya kichwani ikadondoka kwenye chungu. Alishika kompyuta yake ndogo, imefunguka, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mistari mitatu ya herufi, mmoja chini ya mwingine.

"Huyu wa juu ni mama, wa bustanini. Wa chini ni chavua. Wa katikati mtoto. Tazama, hapa mama ana hii, baba ana ile, mtoto anazo zote mbili. Hapa tena. Na hapa. Kote palipovurugika. Hakuna hata mahali pamoja palipokataa." Akavuta pumzi. "Sikuchafua sampuli, mama. Alikuwa anasema ana baba."

Bi Vyungu alipiga magoti mbele ya ndoo. Hasomi zile herufi, wala mimi. Aliweka kidole kwenye mstari wa chini, akaufuata kutoka kushoto mpaka mwisho wa kioo, taratibu, kama unavyofuata uzi uone umetoka wapi.

"Huu ndio wa mama yangu?"

"Ndio huo. Nimeuhifadhi kwenye maktaba yetu ya vinasaba. Popote mtu atakapomsoma ndugu yake, utatokea."

"Hauoti lakini."

"Hapana," Miwani akasema. "Hauoti."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa. 

Mkaguzi alikata utepe mwenyewe kwa kisu cha mfukoni, akaukunja vizuri. Alipofika getini aliniita pembeni.

"Mzee wangu, ukienda tena kwa kinyozi, kwanza angalia nani yumo chini ya povu."

"Nitaangalia."

"Na lile shati." Akavaa kofia. "Nyani alilifunga vifungo vyote kweli?"

"Mpaka wa shingoni," nikasema, naye akaenda zake mabega yakimtikisika.

Mnadhani basi mke wangu alisema na mimi? Hata. Alisema na friji kuhusu maharage, na friji kuhusu bili ya maji, akaiambia hata siku ambayo ningepaswa kunyolewa. Nikazoea kujibu kwa kupitia huko huko. "Friji, mwambie mama mwenye nyumba nimesikia." Mara nyingine nilisikia kama anacheka upande wa pili wa mlango, lakini ukifungua unakuta uso umenyooka.

Tumba la nchani lilifunguka asubuhi ya mawingu. Tulikuwa tunamwagilia, mimi kwa mbali, vyungu vya karibu na mlango tu, kama nilivyopangiwa. Nikasikia ameacha kumwaga. Nikaenda, mikono nyuma.

Nilikuwa nimeshaliandalia ua lile hadithi. Lingekuwa kubwa kama sahani, linang'aa gizani. Halikuwa hivyo. Lilikuwa dogo, rangi ya chai iliyozidi maziwa, na kwenye mdomo wake wa chini kulikuwa na doa. Doa la njano, lililochafuka pembeni kama limepakwa na mtu mwenye haraka. Mke wangu alilitazama lile doa muda mrefu. Hakulia. Alitoa kijiti cha meno kwenye kanga kiunoni, akainama, akachomoa chavua, vidonge viwili, akavitia kwenye kapsuli mpya.

Akaingia jikoni. Nikasikia mlango wa friji, nikasikia kioo kikigusa kioo. Nilibaki nje na ndoo yangu, sijui niende au nikae, nikiihamisha mkono huu na mkono ule.

Akatokea mlangoni akijifuta mikono. Akanitazama mimi, usoni, si kitu kingine.

"Baba Maua."

"Naam."

"Tumbo likikuuma usiku, uniamshe."

Akapita akarudi kwenye vyungu vyake. Mimi nikaingia jikoni. Nikafungua friji. Balbu mpya ikawaka, nilikuwa nimeshaibadilisha. Kichupa kilikuwa rafu ya juu, kimefungwa kwa kitambaa chekundu ili hata mkono kwenye giza ujue. Friji ikanguruma, kama kawaida yake. Nikasubiri. Haikuwa na ujumbe wowote wa kunipa.